Taifodi mara tano kwa miezi 13: mimi ndiye mgonjwa au ni kipimo?

FundiMakochi · Jumapili, saa 2:10 usiku

Wadau, nisaidieni kabla sijamaliza pesa zote. Mimi ni fundi wa makochi, nakaa Kayole. Tangu Machi mwaka jana nimeambiwa nina taifodi mara tano, na mara mbili kati ya hizo nikaambiwa nina brusela pia, ile homa ya maziwa mabichi. Mambo huwa yale yale. Joto linapanda jioni, mwili unauma, usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa. Naenda kliniki ya mtaa, natolewa damu kidogo, nangoja nusu saa, karatasi inatoka imeandikwa 1:160. Napewa siprofloksasini ya siku saba, siku nyingine na sindano juu. Nikimaliza napata nafuu wiki mbili tatu, halafu inarudi.

Maji nachemsha. Kibandani sili tena, mke ananifungia chakula cha nyumbani. Nimepungua hadi mshipi nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Nikijumlisha vipimo na dawa, nimekula seti nzima ya viti saba. Sasa hii taifodi inaingilia wapi?

KijanaWaStage · saa 2:31 usiku

Karibu kwenye chama. Nairobi hii ukiingia kliniki bila taifodi, unatoka nayo. Mimi niliambiwa ninayo siku niliyoamka na kichwa cha pombe.

MamaWatatu · saa 2:40 usiku

Pole fundi. Shemeji yangu alisumbuka hivyo hivyo, akanywa mwarobaini mwezi mzima. Sijui kama ndio uliomponya, lakini alinyamaza.

BiHadubini · saa 3:25 usiku

Fundi, pole sana. Mimi ni mtu wa maabara. Nimezaliwa Changamwe, na huu ni mwaka wa 11 niko Nairobi nikiinamia hadubini. Sikupimi humu kwenye uzi wala sikuandikii dawa, lakini karatasi za 1:160 nazijua, yaani damu imezimuliwa mara 160 na bado kipimo kinasema ipo, nimeziandika kwa mkono wangu mamia.

Kipimo ulichofanyiwa kinaitwa Widal. Mfaransa Fernand Widal alikitangaza Paris mwaka 1896. Reli ilifika hapa 1899, kwa hiyo kipimo chako ni kaka mkubwa wa mji huu. Uzee si kosa. Rangi ya Gram, ya kutofautisha bakteria, ni ya 1884 na naitumia kila siku ya Mungu. Tatizo la Widal ni kwamba hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza ukishambuliwa. Na kingamwili ni kama kanjo, askari wa jiji wanaofukuza wachuuzi: ukiwaona wamesimama barabarani haimaanishi mchuuzi bado yupo. Huenda alishatoroka na mzigo wake tangu miezi sita iliyopita. Huenda pia waliyekuwa wakimfukuza si yeye, maana salmonela (jamii ya bakteria wa taifodi) za aina nyingine, na hata malaria, zinaweza kufanya Widal ishike, yaani iseme ipo. Mtu aliyekaa Nairobi akanywa maji ya mkokoteni na kula mutura kama sisi sote anaweza kuwa na kingamwili hizo akiwa mzima wa afya.

Kitabuni, Widal husomwa mara mbili: damu ya leo, halafu damu ya siku 10 hadi 14 baadaye, uone kama kiwango kimepanda mara nne. Niambie ni lini uliitwa tena baada ya wiki mbili.

Sasa niwaonyeshe kinavyofanywa, kwa sababu wengi wenu mnaona karatasi tu. Kuna kigae cheupe chenye miduara. Damu inazungushwa kwenye mashine hadi seli zitulie chini, juu yake yabaki maji ya manjano, ndiyo seramu. Unadondosha seramu kwenye duara, unaongeza tone la antijeni, yaani bakteria wa taifodi waliouawa. Katika maboksi mengi ile ya O (mwili wa mdudu) ni ya buluu na ya H (mikia yake) ni nyekundu. Unakoroga kwa kijiti, unashika kigae na kukiyumbisha mkononi polepole kwa dakika moja. Tone likikatika kama maziwa yaliyoharibika, imeshika. Likibaki laini, haijashika. Dakika moja, si nne. Simu ikilia ukaipokea, ukirudi tone limeanza kukauka kingoni, na tone linalokauka hufanya chembechembe hata kama damu ni ya malaika. Nimeona taifodi zikizaliwa hivyo, mtu akiongea na fundi wake wa nguo.

Na brusela yako? Chupa yake mara nyingi hukaa boksi moja na za Widal na hudondoshwa kwenye kigae kile kile. Ndiyo sababu wanakuja kama mapacha. Hizo chupa zinataka friji ya nyuzi 2 hadi 8. Stima ikipotea Ijumaa ikarudi Jumapili, sijui ni nani mtaani atakayelitupa boksi zima. Tena kila asubuhi unatakiwa uanze na seramu mbili unazozijua, moja ya kushika na moja ya kutoshika, kabla hujamgusa mgonjwa. Siku moja uliza kama wamefanya, uone utakavyotazamwa.

KijanaWaStage · saa 3:33 usiku

Kumbe nimemeza vidonge vya wiki mbili kwa sababu ya kanjo waliosimama tu.

DaktariWaKona · saa 3:58 usiku

Mimi ni mwenye kliniki ya mtaa. Si hiyo ya Fundi, lakini ni ya mfano wake, kwa hiyo mkisema kliniki za mtaa mnanisema mimi. Bi Hadubini anaongea kama mtu aliye na mashine na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mgonjwa anaingia kwangu saa mbili asubuhi, joto nyuzi 39, mfukoni ana shilingi 500, na kesho lazima awe kazini la sivyo kibarua kinaota nyasi. Nikimwambia kuotesha damu maabara, mdudu mwenyewe aonekane, ni elfu tatu na majibu ni Ijumaa, anavuka barabara kwa jirani yangu anayepima na kudunga kwa mia nne. Nikimwambia ni virusi, apumzike na anywe maji, ananiuliza basi pesa ya kumwona daktari nimeikatia nini. Mtu anataka karatasi. Asipotoka na karatasi anaona ameibiwa.

Na msije mkaifanya taifodi hadithi. Ipo.

BiHadubini · saa 4:20 usiku

Daktari, hapo kwa mia nne umesema ukweli na sina jibu lake. Na taifodi ipo, sibishi. Watafiti walipootesha damu za wagonjwa wa Kibera waliikuta, watoto wakiwa wameumia zaidi. Kwa sababu hiyo nchi ilianza kutoa chanjo yake Julai 2025, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Tena bakteria wa hapa wengi wameshazizoea dawa za ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, zote kwa mpigo. Ndiyo maana naogopa. Tukiwapa siprofloksasini watu kumi wasio na taifodi ili tumpate mmoja aliye nayo, tunawafundisha wadudu wa hao kumi namna ya kuikwepa dawa tunayoitegemea.

MkaziWaPipeline · Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Yangu ilikuwa ya kweli, wacha nisimulie. Mwaka juzi nilizidiwa nikapelekwa hospitali kubwa. Daktari kijana akakataa kunipa dawa yoyote kabla ya damu. Nikamwona katili. Muuguzi akanisugua mkono kwa spiriti, akangoja ikauke, nami nikidhani anapoteza muda. Akatoa damu nyingi, akaimimina kwenye chupa yenye supu ya rangi ya chai. Akahamia mkono wa pili, akarudia. Siku ya pili jioni wakasema kuna kitu kinaota. Siku ya nne nikaletewa karatasi yenye jina la bakteria na orodha ndefu ya dawa, kila moja na herufi yake pembeni, S au R. Dawa niliyokuwa nimejinunulia dukani wiki nzima ilikuwa na R.

Nililipa 3,200. Kwa Widal zangu zote za kabla ya hapo nilishalipa zaidi.

NesiWaZamu · saa 1:40 asubuhi

Ule muda wa kungoja spiriti ikauke ndio wenye kazi. Usipongoja unaotesha bakteria wa ngozi, mgonjwa anatibiwa ugonjwa wa kiganja cha muuguzi. Mikono miwili ni kwa sababu hiyo hiyo: mdudu wa ngozi akiota chupa moja tu, tunamshuku. Akiota zote, tunakimbia.

Kwa mtu mzima ni mililita 8 hadi 10 kila chupa. Watu hulalamika tunawanyonya. Taifodi huwa na bakteria wachache sana kwenye damu, wakati mwingine hata mmoja kwa mililita. Ukitoa tone kama la kupima sukari hutampata.

BiHadubini · saa 7:15 mchana

Niko mapumzikoni, chai ya pili. Wacha nijaze zile siku nne ambazo Mkazi alikuwa kitandani akituona wazembe.

Chupa zinaingia kwenye mashine yenye joto la mwili, zinatikiswa mchana na usiku. Ndani ya supu bakteria wakianza kula wanatoa hewa ya ukaa. Kwenye mashine niliyozoea mimi, kitako cha chupa hugeuka kutoka kijani hadi njano na taa inawaka. Kama hakuna kitu, inakaa siku tano ndipo tunaandika hakuna kilichoota. Ikilia, hata kama ni saa tisa usiku, natoa tone, napaka kwenye kioo, napiga rangi ya Gram: zambarau, iodini, spiriti, halafu nyekundu. Spiriti ndiyo hakimu. Wenye ukuta mnene hung'ang'ania zambarau, wenye ukuta mwembamba huoshwa wakapokea nyekundu. Nikiona vijiti vya waridi, nampigia daktari simu saa hiyo hiyo. Jina sijalijua bado, lakini nusu ya dawa tayari zimeondolewa mezani.

Tone lingine nalipanda kwenye sahani za agari, jeli ya kulishia bakteria. Kwenye agari ya MacConkey kuna sukari ya maziwa: wanaoila, kama E. koli, huota waridi, wasioila, kama salmonela, huota bila rangi. Asubuhi nachukua koloni moja, kirundo cha bakteria walioota, nalichoma kwenye mrija wa sukari tatu wenye chuma. Taifodi ina tabia yake hapo: chini njano, juu nyekundu, haitoi gesi, na katikati inaacha kijistari cheusi chembamba kama wanja. Salmonela nyingi nyingine huufanya mrija mweusi tii na kuupasua kwa gesi. Wanja mwembamba ndio wenyewe. Namalizia kwa seramu za kushikisha, lakini safari hii ni kinyume cha Widal: mdudu ninaye mkononi, kingamwili natoa kwenye chupa.

Zile herufi za Mkazi: unapaka bakteria sahani nzima kama unavyopaka siagi mkate, unaweka vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa. Kesho yake, kila dawa inayoua imejisafishia uwanja wa duara. Napima duara kwa rula, milimita kwa milimita, nalinganisha na jedwali. S inaua, R haiuwi. Kuna kidonge ambacho bakteria wameota hadi ukingoni wakakigusa, kama nyasi na ukuta wa nyumba. Hicho ndicho ulichonunua dukani, Mkazi.

Siku hizi kuna hospitali zenye MALDI-TOF, mashine inayoyapiga makoloni kwa leza na kusoma uzito wa protini zake, jina linatoka kwa dakika. Lakini nayo lazima kwanza koloni liote. Usiku mmoja huo hakuna aliyeufupisha sana.

Na niseme hasara yake: kuotesha damu nako hukosa. Katika taifodi ya kweli hukamata kama nusu tu, na ukiwa umeshameza dawa hukamata wachache zaidi. Uboho wa mfupa hukamata zaidi, ila hakuna atakayekutoboa mfupa kwa homa ya wiki moja.

DaktariWaKona · saa 7:50 mchana

Nusu! Halafu mimi ndiye natukanwa.

BiHadubini · saa 7:58 mchana

Cha kwangu kikisema ipo, ipo. Cha kwako kikisema ipo, tunaanza kubishana. Tofauti ndiyo hiyo.

MtuWaBusia · saa 12:30 jioni

Samahani nichomoe uzi kidogo. Nilienda nyumbani Busia kwa mazishi, nikarudi na malaria, nikameza dawa za siku tatu nikamaliza. Wiki mbili baadaye kichwa kikauma, duka la dawa wakanipima kwa kaseti, mistari miwili tena. Dawa zilikuwa feki?

BiHadubini · saa 1:10 usiku

Si lazima. Kaseti nyingi hunasa protini inayoitwa HRP2, ambayo kimelea huitapakaza kwenye damu. Kimelea kikishakufa, protini huendelea kuzunguka wiki kadhaa. Mtu aliyetibiwa majuzi, kaseti hiyo haimfai. Nenda kwenye hadubini.

Mwambie wakufanyie tone nene na tone jembamba. Lile nene halikazwi kwenye kioo kwa methanoli, kwa hiyo seli nyekundu hupasuka zikaacha vimelea vikionekana vimerundikana, na mtu makini hutazama nyanja 100 kabla ya kusema hakuna. Jembamba ndilo linalosema ni aina gani: falsiparamu, ile aina kali, ni vipete vyembamba, wakati mwingine viwili ndani ya seli moja, kama pete za harusi zilizodondoka kwenye sahani. Laveran aliviona vimelea vya malaria Algeria mwaka 1880 bila rangi yoyote, nami hushangaa aliwezaje, maana mimi na rangi yangu ya Giemsa kuna jioni macho hunikatalia.

Na kwa sababu Nairobi ni baridi, malaria tunayoiona hapa mara nyingi imepanda basi. Kutaja kwamba ulikuwa Busia, au Kwale, au Kisumu, ni nusu ya kipimo. Usingoje kuulizwa.

MamaWatatu · saa 1:22 usiku

Na hii H. pailori ya vidonda vya tumbo? Mimi nilitibiwa, kipimo cha damu bado kinasema ninayo.

BiHadubini · saa 1:30 usiku

Kanjo wale wale, mama. Kingamwili hubaki. Fanya cha choo kinachotafuta mdudu, wiki nne baada ya dawa za bakteria, na zile za kupunguza asidi ziache wiki mbili kabla.

NesiWaZamu · saa 1:41 usiku

Na mkiwa hapo, acheni kutuletea mkojo kwenye chupa ya soda. Chukua kopo la hospitali, anza kukojoa chooni, kinga wa katikati, malizia chooni. Uletwe ndani ya saa mbili au ukae kwenye friji. Jana mtu katoka nao Rongai kwenye matatu, foleni yote ile, jua lote lile. Bakteria walikuwa wamejenga ghorofa.

BiHadubini · saa 2:05 usiku

Turudi kwa mwenye uzi. Fundi, nimeusoma ujumbe wako wa kwanza tena. Sina haja na 1:160. Nataka kujua haya: unakohoa? Ile nafuu ya wiki mbili tatu, huwa unapona kabisa au inapungua tu? Kuna mtu nyumbani au karakana anayekohoa?

FundiMakochi · saa 2:48 usiku

Kikohozi kipo, lakini hicho ni cha kazi. Mimi nakata sponji kutwa, vumbi lake na gundi ukivuta miaka tisa lazima ukohoe. Nafuu, sijawahi kupona kabisa. Inapungua tu. Kijana niliyekuwa nafanya naye kazi aliondoka mwaka jana akiwa anakohoa, akarudi kwao. Sikumfuatilia.

BiHadubini · saa 3:02 usiku

Fundi, kesho usiende kliniki ya Widal. Nenda kituo cha afya cha umma chenye kona ya kifua, useme maneno manne: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua. Yaseme yote manne kwa mpigo kabla hujakaa. Kipimo cha TB na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali, usikubali mtu akutoze.

Sisemi ni TB. Nasema hakuna aliyeitafuta. Na kuna jambo linalonikera: siprofloksasini iko kwenye jamii ya dawa zinazomgusa mdudu wa TB. Hazimmalizi, zinampumzisha. Homa inashuka, mgonjwa anasema dawa imefanya kazi, karatasi ya taifodi inaonekana ilikuwa kweli. Huku yeye yuko ndani, anangoja vidonge viishe.

Watakupa kopo. Wanataka makohozi, si mate. Mate ni maji yenye povu, makohozi ni mazito na hutoka chini kifuani. Asubuhi ukiamka, suuza kinywa kwa maji matupu, toka nje mahali penye hewa, mbali na mtoto, vuta pumzi mara mbili tatu, kohoa kutoka tumboni. Funga kopo vizuri.

KijanaWaStage · saa 3:10 usiku

Bi, hicho nacho kinatafuta kanjo?

BiHadubini · saa 3:26 usiku

Hapana, hicho kinamtafuta mchuuzi na kitambulisho chake. Zamani tulitegemea hadubini pekee: unapaka makohozi kwenye kioo, unamwaga rangi nyekundu, unapitisha moto chini mpaka mvuke utoke, kisha unaosha kwa asidi na spiriti. Kila kitu kinapoteza wekundu isipokuwa mdudu wa TB, kwa sababu ganda lake ni la nta. Mwisho unaweka buluu. Ukitazama unaona anga ya buluu na vijiti vyembamba vyekundu, vimepinda kidogo, vimelala peke yake au viwili viwili. Mara ya kwanza kuviona niliacha kupumua ndani ya barakoa. Robert Koch aliutangazia ulimwengu habari za mdudu huyu Machi 24, 1882, Berlin.

Shida ni kwamba ili vionekane hivyo lazima kila mililita iwe na elfu tano hadi elfu kumi. Mgonjwa wa mapema, na wengi wenye virusi vya ukimwi, hawafiki hapo. Sasa tuna GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Makohozi yanachanganywa na dawa ya kuyalainisha, yanakaa robo saa, yanamiminwa kwenye katriji, katriji inaingia kwenye mashine. Humo ndani vinasaba vya mdudu vinanakiliwa tena na tena mpaka hata wachache waonekane, ile PCR mliyoisikia wakati wa korona. Chini ya saa mbili inakuambia mambo mawili: yupo au hayupo, na kama ameshaizoea rifampisini, dawa kuu ya TB. Kumwotesha pia tunaweza, lakini huyu hana haraka, supu ya mashine tunaiweka hadi siku 42.

DaktariWaKona · saa 3:40 usiku

Fundi, nenda. Nami nikiri, jasho la usiku na kupungua kwa mwaka mzima, hata mimi ningekuwa nimeuliza kifua. Natumaini.

FundiMakochi · Alhamisi, saa 11:20 jioni

Nimeenda. Nilisema maneno manne, yule mama wa dirishani akaniangalia, akanipa barakoa na kunitoa kwenye foleni. Nilikuwa nimejiandaa kungoja mpaka saa nane. Kopo nimelirudisha jana asubuhi. Leo wamenipigia simu.

Yupo. Rifampisini bado inamuua.

Wamenipima na HIV, sina. Kesho mke na mtoto wanakuja kuangaliwa. Karakana nimeifunga. Sijui niseme nini, nimekaa tu kwenye kochi la mteja.

MamaWatatu · saa 11:31 jioni

Pole mwanangu. Na hongera, ukielewa ninavyosema.

MkaziWaPipeline · saa 11:45 jioni

Mtafute yule kijana aliyerudi kwao. Hata kwa simu ya mjomba wake.

BiHadubini · saa 12:50 jioni

Mkazi amenitangulia. Fundi, miezi sita: miwili ya dawa nne ndani ya kidonge kimoja, minne ya dawa mbili. Usitishike ukienda haja ndogo, rifampisini hupaka mkojo rangi ya chungwa.

FundiMakochi · wiki tisa baadaye, Jumanne, saa 2:00 usiku

Nimerudi kwenye uzi wangu. Mkojo kweli ulikuwa kama fanta, mke alipiga kelele. Jasho liliisha wiki ya tatu. Mshipi nimerudi tundu la zamani. Mtoto hana, amepewa dawa ya kinga. Kijana nilimpata, yuko Kitui, naye ameanza dawa.

Sasa swali. Leo nimefika miezi miwili, nikamwomba nesi anirudishie ile GeneXpert nione kama nimepona. Amekataa, anasema makohozi yangu yatatazamwa kwa hadubini. Ile ya zamani! Mbona wananirudisha 1882?

BiHadubini · saa 2:35 usiku

Nesi yuko sawa. GeneXpert hunakili vinasaba, na vinasaba vya mdudu aliyekufa vinanakilika vile vile. Kifuani mwako sasa hivi kuna mizoga mingi. Mashine itaiona, itasema yupo, utarudi kwenye uzi huu ukilia. Hadubini haioni mdudu hadi wawe maelfu, na kwa swali la leo huo uzito wa macho ndio tunaoutaka: wakiwa bado maelfu, huenda dawa haifanyi kazi au humezi.

KijanaWaStage · saa 2:41 usiku

Kwa hiyo kila kipimo kina kanjo wake.

FundiMakochi · saa 2:44 usiku

Sawa Bi. Humezi nini, mke ananihesabia kila asubuhi kama karanga. Tatizo ni kukohoa. Kopo nimepewa, liko dirishani, na kikohozi chenyewe siku hizi hakitoki.